Flashi ya Kampuni ya Kamera au ya Kampuni Nyingine?

(Mazungumzo na wapiga picha wa sherehe na matukio, Dodoma)

Mbukwenyi! Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa studio, dada zangu na kaka zangu mnaoshinda na kamera shingoni kila wikiendi, habari za mchana.

Nimepewa swali moja, na hilo hilo nimeulizwa mlangoni kabla sijaketi: flashi tununue ya kampuni iliyotengeneza kamera, yaani Canon, Nikon au Sony wenyewe, au tuchukue Godox, Yongnuo na wenzao? Jibu nalitoa mapema, maana najua humu kuna watu wana send-off jioni hii. Kwa wengi wenu, mnaoishi kwa harusi, vipaimara na mahafali, chukueni ya kampuni nyingine. Ila chukueni mbili za aina moja pamoja na triga yake, kile kidude cha kuwashia flashi ikiwa mbali na kamera, na kabla hujatoa hela uijue kamera yako inaelewana na nani. Atakayebaki nitamweleza sababu. Nitamtaja pia mtu ambaye ushauri huu haumfai, kwa sababu yupo.

Kwanza tuondoe uvumi wa madukani. Flashi ya Godox siyo feki. Godox ni kiwanda cha Shenzhen, China, kilichoanza mwaka 1993, na kinauza kwa jina lake chenyewe. Feki ni ile iliyoandikwa Canon wakati Canon hawajawahi kuiona. Ukiuziwa hiyo umeibiwa mara mbili, umelipa bei ya jina na jina lenyewe si lake. Wala jambo la kununua flashi kwa mtu asiyetengeneza kamera yako halikuletwa na Wachina. Wazee waliokaa mbele hapa wanazikumbuka Vivitar, Metz ya Ujerumani, Sunpak. Enzi za filamu hizo zilipiga kazi za watu duniani kote, na hakuna aliyemuuliza mpiga picha kwa nini taa yake na kamera yake zina majina tofauti.

Sasa tuifungue flashi, kwa maneno tu. Kwa bisibisi msithubutu. Ndani kuna mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni, kuna kapasita inayojazwa umeme wa volti 300 hivi, na kuna betri zinazoijaza. Ukibonyeza, kapasita inamwaga umeme kwenye mrija, gesi inawaka kwa kipande kidogo mno cha sekunde, basi. Profesa Harold Edgerton wa MIT kule Marekani alikuwa akipiga picha kwa mwanga wa namna hii tangu miaka ya 1930, na msingi haujabadilika. Na ile kapasita hubaki na umeme hata betri zikitolewa. Ndiyo maana nasema bisibisi muachie fundi anayejua kuimwaga kwanza.

Kwa hiyo mwanga wenyewe hauna jina la kampuni. Chukua Speedlite, yaani flashi ya Canon, na flashi ya Godox zenye nguvu sawa, zielekeze kwenye dari moja: bi harusi hatajua ipi imempiga, na mama yake pia hatajua. Tofauti ya bei imekaa kwingine. Imekaa kwenye namna flashi inavyoelewana na kamera, inavyovumilia joto na vumbi, na nani atakayekuhudumia ikizima.

Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Flashi ya juu kabisa ya Canon, EL-1, ilitangazwa Marekani kwa dola 1,099. Godox V1 ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa kama dola 260. Yaani moja ya Canon ni nne za Godox, na chenji inabaki. Ukifika Kariakoo utakuta tarakimu nyingine, ukiagiza mpaka Dodoma utakuta nyingine tena, lakini pengo utalikuta. Mtu akiniambia, "Nimejibana nimenunua flashi moja ya kampuni, imenimaliza," mimi namuuliza ya akiba iko wapi. Hana. Basi huyo, kwa maoni yangu, ameingia ukumbini bila flashi. Maharusi hawatakata keki mara ya pili kwa sababu taa yako ya gharama imezima. Mwenye mbili za kawaida ataendelea na kazi, na MC hatajua kilichotokea.

Hapo ndipo msimamo wangu wote ulipo. Yaliyobaki ni namna ya kununua hiyo ya kampuni nyingine bila kujuta.

Jambo linalowaumiza watu zaidi ni lugha. Kampuni za kamera haziweki hadharani mazungumzo yanayopita kati ya kamera na flashi. Kampuni nyingine hukaa, zikayachunguza, zikayaiga. Mara nyingi wanaiga vizuri. Mnaijua TTL: flashi inatoa kwanza mwanga mdogo wa kupimia, kamera inapima kiasi kilichorudi kupitia lenzi, kisha inaiamuru flashi ipige kiasi gani. Yote yanatokea haraka hata jicho lisiyatenganishe. Canon wanatumia E-TTL II tangu 2004, Nikon wana i-TTL, Sony wana yao. Ikitoka kamera mpya na mazungumzo yakabadilika hata kidogo, flashi ya kampuni nyingine inaweza kupiga mwanga wa kupita kiasi, au kukaa kimya, mpaka kiwanda chake kitoe programu mpya ya kuingiza kwa USB. Kwa hiyo flashi ya TTL isiyo na tundu la kuingizia programu mimi siinunui, hata kama ni nzuri leo. Na anayenunua kamera mwezi ule ule ilipotoka, huyo asubiri kidogo kabla ya kuinunulia flashi ya mtu mwingine.

Lakini TTL yenyewe tunaihitaji kiasi gani? Hapa tusidanganyane. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, na uso wa bi harusi, hasa mwenye ngozi nyeusi, unazama. Joho jeusi la mahafali linafanya kinyume: kamera inaongeza, na uso wa mhitimu unaungua. Kasoro hiyo iko kwa Canon na iko kwa Godox, kwa sababu ni ya vipimo, siyo ya kiwanda. TTL inakufaa maharusi wanapoingia ukumbini wakicheza, umbali unabadilika kila hatua. Wakishaketi meza kuu na ndugu wakaanza kupanga foleni ya picha, umbali umesimama. Weka flashi kwa mkono, robo au moja ya nane ya nguvu, piga mbili za kujaribu, usiiguse tena mpaka foleni iishe. Kwa kazi hiyo flashi ya bei nafuu isiyo na TTL kabisa, kama TT600 ya Godox au YN560 ya Yongnuo, inatosha kabisa kuwa ya pili juu ya stendi.

Sasa nisikilizeni wenye Canon 2000D, 4000D na 250D. Nyanyueni mikono. Eeh, nilijua. Kamera hizo, zilizotoka 2018 na 2019, zimeondolewa kile kidude cha chuma cha katikati pale juu flashi inapokaa. Ziangalieni sasa hivi, mtaona vijipini vidogo vya nyuma vipo, cha katikati hakipo. Flashi ya mkono kama YN560 inategemea hicho kimoja tu ili iwake. Ukiipachika juu ya 2000D haiwaki, na hata ukiipeleka kwa fundi haitawaka, kwa sababu haijaharibika. Triga za bei rahisi zenye pini moja ni hivyo hivyo. Speedlite za Canon zinawaka kwa kuwa amri yao inapitia vijipini vingine. Godox walitoa programu mpya kwa baadhi ya flashi na triga zao ili zipite njia hiyo hiyo, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila muuzaji akikwambia "hii inaingia Canon zote," mpe kamera yako aiwashe mbele yako. Kama duka liko mbali na unaagiza, andika jina kamili la kamera kwenye ujumbe, ajibu kwa maandishi.

Na ukinunua Godox, soma herufi ya mwisho kwenye boksi. C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fujifilm, O ya Olympus na Panasonic. Ya S haielewani na Nikon hata ukiisukuma kwa nguvu zako zote. Wenye Sony nao wana lao: tangu 2012 Sony wanatumia mguu wenye vijipini vidogo vilivyojificha kwa mbele. Hili vumbi letu jekundu na vijipini vile havipatani. Nunua brashi laini, pangusa kila unapopachika, na usiibebe kamera kwa kushika flashi. Ushauri wa brashi ni wa wote, iwe flashi ya Sony au ya Godox.

Tuje kwenye redio, na hapa kampuni nyingine zimeshinda kwa haki. Zamani flashi za mbali ziliamriana kwa mwanga. Ya juu ya kamera inapepesa, ya kwenye stendi inaona, inawaka. Ukumbini nguzo ikiingia kati, hakuna kitu. Nje saa sita mchana pale Nyerere Square, jua linaumeza ule mwanga, hakuna kitu. Canon waliweka redio ndani ya flashi yao mwaka 2012, ile 600EX-RT. Nikon walifika 2016 na SB-5000. Ndiyo maana mimi mtumba wa 430EX II, flashi ya zamani ya Canon, hata ukiuzwa kwa bei ya Godox mpya, siuchukui. Ni flashi nzuri, imetengenezwa kwa mikono ya watu wanaojua kazi, lakini redio haina, na mrija wake hujui umeshapiga harusi ngapi.

Godox wao redio yao ya 2.4 GHz wameiweka karibu kila taa wanayouza kwa wapiga picha, kuanzia TT600 ya bei ya chini mpaka taa kubwa za studio. Na ukiwa na triga ya Canon, inaiamuru hata Godox iliyotengenezwa kwa ajili ya Nikon, ikiwa iko pembeni kwenye stendi. Mnaona maana yake kwa mji kama huu? Sisi tunaazimana. Jumamosi una ndoa mbili, moja Kisasa na nyingine Kikuyu, unampigia mwenzako mwenye Nikon, anakupa taa yake, inaingia kwenye kundi lako bila kelele. Upande wa Canon, redio yao inaongea na Canon wenzao tu. Nawaachia kando Yongnuo, ambao waliiga hata hiyo redio wakatoa YN600EX-RT inayoingia kwenye kundi la Canon. Watu wana ujasiri.

Kwa wanaopiga wahitimu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mchana wa jua kali, ongezeni neno moja. Kamera nyingi zinaikubali flashi mpaka kasi ya shata ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukitaka kupita hapo, ili ufungue lenzi na mandhari ya nyuma ilainike, flashi lazima ipige mfululizo wa miale midogo badala ya mmoja mkubwa, na nguvu inashuka sana. TT600 haiwezi kufanya hivyo ikiwa imekaa juu ya kamera. Inaweza ikiwa pembeni na inaamriwa na triga. Muuzaji hatakuambia hilo, nakuambia mimi.

Joto. Hapa mtu wa Dodoma ana shida ambayo mtu wa Lushoto hana. Flashi ikipiga mfululizo kwa nguvu kamili inachemka, na flashi yenye akili inajizuia: inachelewa kujaa, au inagoma mpaka ipoe. Msidhani jina kubwa linakuponya. Nikon SB-900 ya mwaka 2008 ilijulikana kwa kuzima yenyewe ikipata joto, na mrithi wake SB-910 wa 2011 alikuja na utaratibu mwingine, anapunguza kasi badala ya kugoma. Ila haki itendeke. Ile EL-1 ya Canon ina feni ndani, na inajaa upya kwa sekunde 0.9 baada ya kupiga kwa nguvu kamili. Mtu anayepiga mlango wa kuingilia wageni mia tano bila kupumzika ataiona thamani yake. Wewe na mimi tunaweza kupata nafuu hiyo kwa njia ya maskini: panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kutoka 400 mpaka 1600, ushushe flashi kutoka nguvu kamili mpaka robo. Picha inabaki na mwanga ule ule wa flashi, na taa inabaki baridi. Kamera za sasa zinavumilia ISO hiyo. Na flashi usiiache kwenye gari lililofungwa juani, hasa yenye betri ya lithiamu.

Betri nazo zinastahili kuulizwa kabla ya bei. Flashi inayotumia betri nne za AA unaweza kuiokoa popote: uko kwenye sherehe Bahi au Kongwa, chaja umesahau, duka la jirani lina betri. Zitakwenda polepole, lakini zitakwenda. Kwa kazi ya kila siku tumieni zile za kuchaji za NiMH. Zinaandikwa volti 1.2, si 1.5, lakini zinaijaza flashi haraka kuliko za kutupa kwa sababu zinatoa umeme kwa urahisi zaidi. V860II ya Godox ina betri moja ya lithiamu ambayo kiwanda kinasema inapiga kama mara 650 kwa nguvu kamili, na inajaa upya kwa sekunde 1.5. Ni raha. Lakini betri hiyo haiuzwi duka la jirani, na ikivimba huwezi kupata nyingine hapo hapo ukaiweka. Anayenunua flashi ya lithiamu anunue betri ya pili siku ile ile, kutoka duka lile lile, bila kujadiliana na nafsi yake.

Kuhusu namba za nguvu, nitapita haraka. Namba ile ukiigawanya kwa tundu la lenzi unapata umbali: 36 kwa f/4 ni mita 9, kwa ISO 100. Canon 430EX III wanaiandika 43 wakipima kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa (zoom) mpaka milimita 105. Godox TT685 imeandikwa 60, lakini kwa milimita 200, mwanga ukiwa umebanwa kabisa. Hizo haziwezi kulinganishwa kama zilivyoandikwa. Na ukiwa umeelekeza kichwa darini, kwenye kitambaa cha zambarau cha wapambaji wetu, namba zote mbili zimeshapoteza maana, una tatizo la rangi.

Nilisema yupo asiyefaa kusikiliza ushauri huu. Ni afisa habari wa wizara kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, au mwandishi wa gazeti, ambaye vifaa vinanunuliwa na ofisi. Yeye anapiga hafla asubuhi, mkutano mchana, mgeni wa kitaifa jioni, mara nyingi kwa flashi moja juu ya kamera, kwa TTL, bila nafasi ya kujaribu. Anahitaji kifaa ambacho kamera ikipata programu mpya leo hakitaanza kigugumizi kesho, chenye mihuri ya kuzuia vumbi na manyunyu inayolingana na ya kamera yake, na dhamana moja ya kampuni moja. Huyo aandike Speedlite kwenye mahitaji yake bila aibu. Mwingine ni mwenye studio ambaye tayari ana flashi tatu za Canon zenye redio. Kuchanganya aina kunaleta rangi za mwanga zisizolingana na triga mbili mkononi. Aendelee na alichonacho.

Na kwa wazee: zile flashi za zamani mlizohifadhi kabatini, msizipachike juu ya kamera ya kijana kwa huruma. Baadhi yake zinarudisha volti zaidi ya 200 kwenye pini ya katikati, na kamera nyingi za sasa hazikujengwa kuzipokea. Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kupima. Vinginevyo ziwasheni kwa triga ya redio, mbali na kamera.

Ukilipa, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa na namba yake, siyo "vifaa vya umeme". Duka likigoma kuandika jina, bei yake nzuri haikuhusu.

Mezani hapa kuna flashi za Canon, Godox na Yongnuo, na triga mbili. Nimeomba nusu saa kabla ya chakula. Wenye 2000D na 4000D waanze wao, mmoja mmoja, tuone ipi inawaka na ipi haiwaki. Dada wa pale nyuma mwenye Sony, njoo na brashi yako.